Amana Imehamia Nyumbani

Mwanangu, nimesikia kwamba mkataba wa pango la ofisi yako hapo Plymouth unakwisha na huna nia ya kuurefusha. Kabati la mafaili umeshalihamishia nyumbani, na kazi unaifanyia katika chumba cha chini, ubavuni mwa mashine ya kufulia. Sikulaumu. Pango ni mzigo, na Januari ya Minnesota barabara zikishika barafu, nani atatamani kuendesha gari aende kukaa peke yake mbele ya kompyuta? Lakini nimefanya kazi hii ya kujaza ritani za kodi za watu miaka mingi, nimechoka nayo, na mtu aliyechoka hana sababu ya kuficha. Basi nivumilie.

Wengi wetu hatukuchagua kuhama. Usiku wa tarehe 27 Machi 2020, amri ya Gavana Tim Walz ya watu kubaki majumbani ilipoanza, tulikuwa katikati ya msimu wa kodi. Serikali ilisogeza siku ya mwisho kutoka 15 Aprili hadi 15 Julai, nasi tukapakia makabrasha kwenye magari tukaja kuyatua kwenye meza za kulia chakula. Tukasema ni wiki chache tu. Hapo mezani ndipo nilipokosea.

Baadaye mwaka huo, watu walipoanza kutembeleana tena, jioni moja niliacha fomu ya mshahara, W-2, ya mama mmoja, muuguzi katika nyumba ya wazee, karibu na sahani ya chapati. Akaja mgeni kumwona mke wangu. Hakufungua kitu wala hakupekua. Alivuta kiti akakaa. Karatasi ilikuwa wazi, mshahara wa mwaka mzima umeandikwa kwenye kisanduku cha kwanza. Wiki mbili hazijapita, yule muuguzi akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza polepole, "Baba, ndugu zangu wamejuaje ninachopata?" Huko nyumbani alikotoka walikuwa wameshaanza kumpigia hesabu: kama analipwa zote hizo, mbona anatuma kidogo? Hawakuhesabu kodi ya nyumba, wala bima, wala gari, wala zamu za usiku zilizomla mgongo. Nilimwomba radhi. Mwaka uliofuata hakurudi kwangu, na mpaka leo nikilikumbuka lile swali hunikaa kooni.

Ile ilikuwa aibu tu. Angeweza kupata hasara kubwa zaidi. Mteja akikukabidhi makaratasi yake amekupa namba yake ya hifadhi ya jamii, tarehe za kuzaliwa za wanawe na akaunti yake ya benki. Mwizi akivipata, hujaza ritani kwa jina la mwenyewe na kuchukua marejesho, na mwenyewe hajui mpaka ritani yake ikataliwe kwa kuwa namba hiyo imeshatumika. Ndiyo maana sheria ya Marekani inamtaka kila anayetayarisha kodi za watu kwa malipo, hata awe peke yake chumbani, awe na mpango wa usalama ulioandikwa. Mwaka 2022 IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilitoa kielelezo, chapisho namba 5708, kwa ajili ya wenye ofisi ndogo. Kichukue, lakini usibadilishe jina juu ukaridhika. Andika habari za nyumba yako: nani ana ufunguo wa kile chumba, kompyuta ipi ni ya kazi na haiguswi na watoto, karatasi zilizokwisha kazi zinakatwakatwa wapi. Na mkeo, mwanangu, kama si mfanyakazi wa ofisi yako, naye asijue habari za wateja. Kutoa habari za mteja bila idhini yake, kwa kusudi au kwa uzembe uliokithiri, ni kosa la jinai. Mwambie mapema, kwa upendo, ili asidhani unamficha mambo yako.

Tena picha za WhatsApp. Najua watu wetu: anapiga picha W-2 yake akiwa ndani ya gari, anakutumia, na simu yako iko mikononi mwa mtoto anayetazama katuni. Zikatae. Wafungulie mahali salama pa kupakia nyaraka, na mzee asiyeweza, mfundishe hata mara tano. Fomu 8879, ile anayokuidhinishia mteja kutuma ritani yake, ipate saini kabla hujatuma, kisha uitunze miaka mitatu. Mtu akisaini kutoka mbali, hakikisha kwanza ni yeye. Usiseme unamjua sauti.

Utataka pia kujipunguzia kodi kwa ajili ya hicho chumba, na ni haki yako. Njia rahisi inakuruhusu kukata kwenye mapato dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, yaani dola 1,500. Lakini sharti sehemu hiyo itumike kwa kazi mara kwa mara na kwa kazi peke yake. Meza ya kulia ugali jioni haihesabiwi. Nilipolisoma sharti hilo zamani niliona ni la kodi tu. Baada ya yule muuguzi nikaona lingenikinga na mengi. Tia mlango. Tia kitasa chenye ufunguo.

Na wateja watakuja. Jumapili, baada ya ibada, na mfuko wa karatasi mkononi, kwa sababu sasa ofisi ni kwako na kwako ni kwao. Wakaribishe chai, lakini karatasi zipange siku yake. Asiyetaka kuonekana akiingia kwako, mkutane Maktaba ya Plymouth, kwenye chumba cha faragha, mlango umefungwa. Saa ya kufunga kazi iwepo, na watoto waijue. Mimi wangu walikua wakinisikia nikisema "ngoja kidogo" kuanzia Januari mpaka Aprili.

Sina mengi zaidi. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, zunguka mezani, jikoni na kwenye kiti cha gari, uangalie ni karatasi ya nani imebaki wazi.