Usimfundishe bibi kunyonya mayai

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Bukavu. Siku moja, katika darasa la juu, tulikuwa tunasoma misemo ya Waingereza kuhusu vijana na wazee. Nilieleza msemo mmoja ambao kwa Kiswahili ni hivi: «Usimfundishe bibi yako kunyonya mayai.» Wanafunzi wote wakacheka. Nikawaambia: yai bichi linatobolewa, kiisha mtu anavuta kilicho ndani. Bibi anajua kazi hiyo tangu zamani. Basi msemo huo wanamwambia mtu anayetaka kumwelekeza aliyemzidi ujuzi.

Msichana mmoja akanyoosha mkono: «Mwalimu, na kama bibi amekamata yai lililooza?»

Sikuwa na jibu siku ile.

Waingereza wana misemo mingi ya namna hiyo. Mgeni katika kazi wanasema nyuma ya masikio yake hakujakauka bado, sawa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mzee naye wanasema amekwisha kuvuka kilele cha kilima, yaani anateremka tu. Mbwa mzee, wanasema, hafundishwi mchezo mpya. Na zamani walisema watoto waonekane, lakini wasisikike.

Vijana nao wakarudisha. Mwaka 1964, huko Berkeley, Marekani, Jack Weinberg, mmoja wa wenye kuongoza harakati ya wanafunzi, alisema kwao kuna msemo kwamba mtu aliyepita miaka 30 haaminiki. Mwaka 2019, katika bunge la New Zealand, Chlöe Swarbrick, mbunge wa miaka 25, alikuwa anasema juu ya sheria ya tabianchi. Mwenzake akamkatiza. Akamjibu kwa maneno mawili tu: «Sawa, boomer.» Boomer ni jina la waliozaliwa kisha vita kuu ya pili, toka 1946 mpaka 1964. Lakini hiyo «sawa» si ya kukubali, ni ya kufunga mlango.

Tusiwacheke Wazungu. Sisi tunasema: «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.» Na sisi wenye miaka arobaini na kitu, tumesahau? Tulipokuwa vijana tulisema Indubil, ile lugha ya mtaani iliyotoka Kinshasa wakati wa ukoloni, kwa vijana walioitwa Bills ju ya kupenda filamu za cowboy. Ilipofika hapa Bukavu ikasimama juu ya Kiswahili, ikiongeza maneno ya Kifaransa, ya Lingala, hata ya Kiingereza. Wazazi walisema tumepotea. Kumbe leo baadhi yetu ndio tunafundisha sarufi! Na tukisikia wanafunzi wetu wanaongea, tunasema: hawa wamepotea.

Sasa nitoe ushahidi unaonihukumu mimi mwenyewe. Miaka iliyopita, familia yetu ilinunua parseli. Siku ya kutia sahihi tulikaa barza. Kijana wetu wa miaka 16 alisoma karatasi, akaona vipimo havifanani na mawe ya mpaka. Alipofungua kinywa, baba mukubwa akamwambia: «Mutoto hasemake mbele ya bakubwa.» Mimi, mwalimu mwenye diploma, nilikuwa hapo. Nilinyamaza ju ya heshima. Kiisha jirani akaja na karatasi yake, tukapoteza karibu nusu ya kiwanja. Lile lilikuwa yai lililooza, na aliyesikia harufu tulimfunga kinywa.

Je, ile ilikuwa heshima? Nafikiri hapana. Tulipima miaka ya msemaji, hatukupima neno lake. Na kijana anayesema «sawa, mzee» akigeuza mgongo, anafanya kosa lile lile. Baba mukubwa alijua historia ya ukoo wa wale wauzaji, mambo ambayo hayakuandikwa katika karatasi yoyote. Kijana alijua kusoma vipimo. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Miaka inampa mtu mengi, lakini haimpi macho ya kuona kila kitu.

Wengine wataniuliza: mwalimu, unataka watoto watawale barza? Sivyo. Neno la mwisho libaki la mkubwa, ndiyo desturi yetu na ni nzuri. Lakini neno la mwisho lina maana tu kama maneno mengine yamesemwa mbele yake. Mkubwa anayekata shauri bila kusikia, amebahatisha.

Basi, yule msichana leo ningemjibu hivi: mwendee bibi yako, mpe salamu, mwambie polepole, «Koko, nusa kwanza.» Na sisi wakubwa tukiambiwa hivyo, tunuse kabla ya kukasirika.