Chumba Kilichotengenezwa Mapema

Andiko la wiki: 2 Wafalme 4:8–37



Biblia haitupatii jina la yule mama wa Shunemu, lakini inatutajia vitu alivyoweka katika chumba alichomjengea Elisha: kitanda, meza, kiti na taa. Vinne tu. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo macho yangu hukimbilia hesabu. Chumba cha mgeni mmoja, anayepita mara moja moja, bila kulipa? Kwenye karatasi huo ni mradi wa hasara. Hata Elisha alipomuuliza amfanyie nini, mama yule alisema anaishi salama kati ya watu wake. Hakuwa anatafuta faida.

Mwezi wa nane nililala siku mbili katika gesti ndogo kule milima ya Mbooni, ukipanda kutoka Tawa kuelekea Kikima. Baba yangu mzazi alikuwa anangojea upasuaji, na nyumbani simu haikuwa inanyamaza. Nikamuuliza mama mwenye gesti chumba kina nini.

“Kitanda, meza, kiti na taa, Pasta. Na blanketi nitakuongezea, baridi ya hapa haiogopi watumishi.”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kumbe ni chumba cha Elisha!

Usiku wa kwanza kimya kilinisumbua. Sisi Wapentekoste tunajua kupaza sauti, na ni vizuri, Zaburi zinatuagiza tushangilie. Lakini kufika saa tatu usiku maneno yalikuwa yameniisha, na ukungu umefunika dirisha. Eliya naye kule Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, lakini Bwana alimjia kwa sauti ndogo ya utulivu. Nikakaa kwenye kile kiti nikasikiliza.

Asubuhi nikaona watu wakichimba mitaro shambani. Nyinyi mnaijua kazi hiyo, ni fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unaurusha upande wa juu, si wa chini, ili uwe ukingo wa kushika maji na rutuba. Kurusha chini ni rahisi, lakini hakujengi ukingo huo. Na tazama wakati wenyewe: jua kali, ardhi ngumu, mvua ya vuli bado miezi miwili. Hakuna mkulima wa Mbooni anayeanza kuchimba wakati maji tayari yanabeba shamba lake.

Sasa rudi Shunemu. Miaka ilipita, mama akapata mtoto, na siku moja yule mtoto alishikwa na kichwa shambani, akafa mchana magotini pa mamake. Alimpeleka wapi? Soma mstari wa 21. Alipanda naye mpaka kile chumba, akamlaza kwenye kile kitanda, akafunga mlango, kisha akamfuata Elisha mpaka Karmeli. Chumba alichotengeneza siku ya amani ndicho alichokimbilia siku ya msiba. Na ni hapo hapo, mlango ukiwa umefungwa, Elisha aliomba na mtoto akafufuka.

Kila wiki ofisini huja mpendwa ambaye shamba lake litapigwa mnada Ijumaa, au mtoto amefukuzwa shule. Tunaomba, na Mungu husikia hata kilio cha dakika ya mwisho. Lakini naona tofauti. Yule ambaye amezoea kukaa na Mungu analia akijua mlango uko wapi. Mwingine analia akiutafuta gizani.

Sisemi kila mtu akalipie chumba Mbooni. Kuna wenye nyumba ya chumba kimoja na watoto watano. Stuli nyuma ya jikoni saa kumi na moja alfajiri, simu imezimwa, Biblia na taa, hicho ni chumba. Wiki hii anza na dakika ishirini. Ongea kidogo, sikiliza zaidi.

Baba alifanyiwa upasuaji na bado tunangojea majibu ya daktari. Tunangojea tukiwa ndani ya chumba.

Tuombe: Bwana, tufundishe kukutengenezea nafasi kabla ya mvua kunyesha. Na aliyenyeshewa tayari, mfungulie mlango leo. Katika jina la Yesu, Amina.