Kabla Hujalipa, Kanyaga Udongo

Wanangu, ninyi mnaoweka akiba ya kazi za Dubai, za boda boda na za maduka ya Kikuubo mjini Kampala ili mpate kipande cha ardhi, nisikilizeni. Siwakatishi tamaa. Watoto wangu wamesoma kwa kodi ya vyumba sita vya kupangisha, hivi tunavyoviita mizigo. Lakini hapa kwetu Buganda karatasi inaweza kuwa na mwenyewe, na udongo ukawa na mwenyewe mwingine. Anayenunua kimoja bila kukijua kingine amenunua kesi.

Jambo hili lina asili yake. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka na wakubwa wake ardhi kwa maili za mraba, ndipo likaja jina la mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi humo hawakuhama. Walibaki kwenye vibanja vyao, yaani vipande walivyokalia bila hati, wakilipa busuulu, kodi ya mwaka kwa mwenye mailo. Sheria ya mwaka 1928 iliwakinga. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua hata aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Na tangu marekebisho ya 2010, mwenye kibanja halali hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kutolipa busuulu tu. Ukinunua hati, umempokea na yeye.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1999 nilinunua ekari moja upande wa Gayaza. Hati ilikuwa safi. Dalali aliniambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, nikalipa mchana. Nilipofika na mpima ardhi, nilimkuta bibi kizee akipalilia migomba, na nyuma ya nyumba yake makaburi matano. La zamani kuliko yote lilikuwa la baba mkwe wake. Tulizungumza miezi saba mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tukakubaliana: nusu iwe yake, na hati yake mkononi, nusu iwe yangu.

Basi, fanyeni yale ambayo mimi sikuyafanya. Nendeni wenyewe ofisi ya ardhi ya eneo husika, iwe Kampala, Wakiso au Mukono, mkague hati: jina la mwenyewe, rehani ya benki, kaveti yaani zuio lililowekwa juu ya hati. Nakala ya dalali si ushahidi. Mpima awe wako, si wa muuzaji, naye akuonyeshe mawe ya mpaka kwa kidole. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi. Mkipimiwa pungufu, semeni kabla ya kutia sahihi.

Mkikague kiwanja siku ya jua, kisha mrudi baada ya mvua kubwa. Mkiona mafunjo na maji yaliyotuama, ondokeni, hata kama bei inavutia. Mwaka 2024 watu walibomolewa nyumba zao katika kinamasi cha Lubigi, na jasho la miaka likawa kifusi.

Kisha kaeni na majirani. Ulizeni nani analima pale, nani kazikwa pale. Ikiwa familia ya muuzaji inaishi hapo au inakula kutoka hapo, sheria inataka ridhaa ya mke au mume wake. Itakeni kwa maandishi. Mkinunua kibanja, mwenye mailo ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kukinunua, na bila idhini yake msitoe hata shilingi. Malipo yapite benki, wakili wenu akiwapo. Na mtu akiwaambia mteja mwingine anakuja jioni, mwacheni huyo mteja aje.

Bibi yule alifariki miaka mingi baadaye. Alizikwa kwenye nusu yake, kando ya baba mkwe wake, nami nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Leo wajukuu zake ndio wanaoniangalizia mizigo yangu ninapougua. Nilikuwa nimemnunua bila kumjua, na laiti ningemsalimu kwanza, nisingeingia kwake kama mnyang'anyi. Nendeni mkawasalimu watu wa ardhi, walio juu yake na waliolala chini yake, ndipo mhesabu fedha.