Je, Ni Kosa Kucheka Matangani?



Mwaka huu hapa kambini tulipatwa na msiba, na ndani ya msiba huo likatokea jambo lililotufanya tubishane majuma kadhaa. Tumeona afadhali tuliandike kuliko kuendelea kulinong'ona kwenye foleni ya maji.

Simu ilitoka Bujumbura: ndugu yetu, mzaliwa wa Buyenzi, baba wa watoto watano, amefariki. Alikuwa ametangulia kurudi ili aone nyumba yao iko katika hali gani. Mke na watoto walibaki hapa. Watu wa huko wakamzika. Sisi tukafunga turubai, tukawasha moto, tukakaa matanga bila maiti na bila kaburi.

Usiku wa pili kijana mmoja akaanza kusimulia. Marehemu, kama mnavyojua mliomfahamu, alikuwa mtu wa furaha. Mwaka 1992 timu ya Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, aliwaapia watu wa mtaa kwamba ikishindwa atanyoa kichwa. Ikashindwa na Africa Sports ya Kodivaa. Naye akanyoa nusu ya kichwa, akieleza kwamba kufika fainali ni nusu ya kombe. Akatembea hivyo sokoni wiki nzima. Watu wakacheka pale matangani, na mjane naye akacheka. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akainuka: "Huu ni msiba au ni harusi?" Mjane akajifunika kitenge usoni. Usiku ule hakuna aliyesema tena.

Tunamheshimu mzee huyo, na hoja yake si ndogo. Kwetu Burundi, tangu siku ya kuzika hadi siku ya kuganduka, wafiwa hujizuia na sherehe. Desturi hiyo si ya kuwaonea. Inawapa nafasi ya kuwa na huzuni bila kudaiwa uso mkunjufu. Tena sisi wakimbizi tunajua jambo la ziada. Wafu wetu wengi wa 1972, na wa 1993 na miaka iliyofuata, walifukiwa haraka, bila ibada, wengine bila mtu wa kutaja majina yao. Kunyamaza kwa heshima ndiyo haki ya mwisho ambayo mtu anaweza kupewa, na wao hawakupewa. Mzee aliposikia kicheko, huenda alisikia kifo kikifanywa tena kuwa kitu chepesi. Hilo tunalielewa.

Hata hivyo kuna upande mwingine, na ndio unaotusumbua zaidi. Muulize mtoto wa Kirundi habari za Mwanamfalme Louis Rwagasore. Atakwambia aliuawa 13 Oktoba 1961. Pengine atajua pia kwamba alipigwa risasi akila chakula cha jioni na wenzake katika mkahawa wa Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, na kwamba kila mwaka huwekwa mashada kwenye kaburi lake mlimani, juu ya Bujumbura. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba alifunga ndoa mwaka 1959, akawa baba wa mabinti wawili, na kwamba wote wawili walikufa wachanga? Kabla ya ushindi wa uchaguzi alihangaika na ushirika wa wafanyabiashara wadogo, na miongoni mwa Waswahili wa Buyenzi alikuwa na marafiki wengi. Yote hayo yamebaki nyuma ya risasi moja. Ni hivyo hivyo kwa Rais Melchior Ndadaye. Tarehe 21 Oktoba 1993 tunaikumbuka kuliko miaka arobaini aliyoishi kabla yake.

Kwa namna hiyo muuaji huachiwa kuandika sehemu kubwa ya habari za mtu. Na nyumbani mwetu tunafanya vilevile. Watoto waliozaliwa hapa wanamjua "babu wa 72" na "mjomba wa 93", kana kwamba hayo ndiyo majina ya ubatizo. Tumewapa orodha ya vifo tukaiita ukoo. Babu alipenda wimbo gani? Alikuwa hodari wa ngoma, au mvivu wa kulima? Hawajui, kwa sababu tukianza kusimulia hayo tunaona kama tunaikosea huzuni.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, na huku wakimwonyesha nguo alizowashonea. Machozi na nguo kwa wakati mmoja. Petro hakuwakemea.

Lakini kicheko nacho kinaweza kudanganya, jambo ambalo vijana wetu hawakulipenda tulipolitaja. Mjane mwenyewe alitwambia baadaye kwamba mume wake alifanya mzaha hata siku ambazo hakukuwa na unga, yeye akitaka jibu moja tu la kweli, na kwamba siku hizo hakucheka. Tukimkumbuka kwa vichekesho tu, tutakuwa tumemnyoa nusu. Daudi alipomwombolezea Sauli aliacha kutaja mkuki ambao Sauli alimrushia. Ilikuwa rehema, au ilikuwa kuficha? Juu ya hilo, kusema kweli, bado hatujakubaliana.

Siku ya arobaini tulikutana tena chini ya turubai. Mchungaji aliomba, kisha akawaachia nafasi wenye neno. Mjane akasema habari za unga, na za namna alivyowabeba watoto wawili kwa zamu usiku wa kukimbia mwaka 2015, akiwaambia wanacheza kujificha ili wasilie. Tulilia wote. Halafu mtoto wa mwisho, ambaye hajawahi kuiona Bujumbura, akauliza ni nusu ipi ya kichwa baba alinyoa.

"Ya kulia," akasema mama yake.

Yule mzee wa kanisa akakohoa. "Hapana, mama. Ya kushoto. Mimi nilikuwapo."