Wema Usiopandwa

Neno maotea nilifundishwa na bwana shamba, na siku hiyo hakuwa akihubiri, alikuwa akigomba. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha, na huku kwetu Simiyu walikuwapo waliochuma wakaiacha miti imesimama shambani. Mvua za kwanza zikaikuta, ikachipua. Mkutanoni bwana shamba akasema yale ni maotea, yang'olewe yachomwe. Mzee mmoja akabisha: kitu kimejiotea chenyewe, kaleta Mungu, unaking'oaje? Bwana shamba akamjibu, "Sawa, mzee wangu, na funza naye kaletwa humohumo."

Watu walicheka, lakini jibu lilikuwa la kitaalamu. Mpamba kwa asili yake si mmea wa msimu mmoja. Ukiachwa huishi miaka. Ni sisi tunaoulima kama mahindi. Ukibaki shambani kiangazi kizima, wadudu ambao wangekufa kwa kukosa chakula wanapata pa kujishikiza, na pamba mpya ikiota inawakuta wanaisubiri. Ndiyo maana wakulima huambiwa kila mwaka wang'oe na kuchoma. Na bado neno ni hilohilo kwa boga lililojiotea jalalani, ambalo hakuna anayekwambia ulichome. Linaliwa, na majani yake yanaliwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naongoza somo la Biblia katika jumuiya yetu, na neno zuri likipita karibu yangu huwa siliachi liende. Nikaanza kuwatazama watu kwa neno hilo, nikianza na mimi mwenyewe. Siku ya kuniaga shuleni walisimama mmoja baada ya mwingine kuusifu uvumilivu wangu kwa watoto wazito wa kusoma, wakanipa vitenge na jiko la gesi. Nilipokea. Lakini uvumilivu ule sikuulima. Mama yangu alikuwa hivyo, na bibi mzaa mama hivyohivyo. Mtoto akirudia kukosea herufi ileile asubuhi nzima, mimi karaha siioni tu. Mwenzangu wa darasa la jirani alikuwa na hasira za karibu. Nilikuwa namwona anasimama nje ya mlango, chaki mkononi, anavuta pumzi, ndipo anaingia na kusema kwa upole, "Haya, tuanze tena." Hakuna aliyewahi kumsifu kwa uvumilivu. Kati yetu wawili, mvumilivu alikuwa nani?

Mwanafalsafa Immanuel Kant angempa mwenzangu sifa hiyo bila kusita. Katika kitabu chake cha 1785 juu ya misingi ya maadili, anamzungumzia mtu ambaye kwa tabia yake hufurahia kuwafurahisha wengine. Tendo la mtu huyo, asema, linastahili kusifiwa na kutiwa moyo, lakini thamani ya kweli ya kimaadili halina, kwa sababu limetoka kwenye maelekeo yake na si kwenye wajibu. Namwelewa, ila ananiachia swali. Wale watoto walijifunza kusoma. Uvumilivu wangu ukiwa si sifa yangu, basi ni wa nani, na ufanywe nini?

Hapo Torati inanifaa kuliko Kant. Walawi 25 inaagiza kwamba mwaka wa saba ardhi ipumzike, isipandwe, wala mizabibu isipogolewe. Kinachojiotea kutokana na mavuno ya nyuma, mwenye shamba haruhusiwi kukivuna kama mavuno yake. Aya zinazofuata zinasema mazao ya pumziko hilo yatakuwa chakula, chake yeye na cha mtumwa, kibarua na mgeni, hata cha mifugo na wanyama wa nchi. Kutoka 23 inawataja kwanza maskini. Ninavyosoma mimi, mwenye shamba hajafukuzwa kwenye chakula. Anakula, ila anakula pamoja na wengine na hana ruhusa ya kusema hili ni jasho langu. Kijana mmoja wa jumuiya aliniuliza kama basi tusisifiane tena. Nilimwambia jiko la gesi nimelipokea na silirudishi.

Marabi wa baadaye waliona jambo ambalo mwalimu wa zamu yeyote angeliona. Wapo watu waliokuwa wakipanda kwa siri mwaka wa saba, kisha wanasema imejiotea. Basi marabi wakapiga marufuku nafaka na mboga zilizojiotea mwaka huo zisiliwe kabisa. Musa bin Maimuni, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1204, ameiandika sababu hiyo waziwazi. Ukitaka kumwona mkulima huyo wa siri leo, msikilize mtu anayesema, "Mimi ndivyo nilivyo, hasira zetu ni za ukoo." Za ukoo zipo, sikatai. Lakini nyingine mtu amezipanda mwenyewe, kazimwagilia kwa vinyongo miaka, halafu anatuonyesha shamba na kusema zimejiotea.

Na hata zikiwa kweli zimeota, bwana shamba hakumuuliza mzee yule nani alipanda. Alitaka tu maotea yang'olewe.

Hapa ndipo watu wa jumuiya hunibana. Wema ukijiotea si wangu, uovu ukijiotea nadaiwa mimi. Biashara gani hiyo, kila upande hasara? Kwa muda mrefu sikuwa na jibu la kuniridhisha. Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu Mwislamu, aliyenielekeza kwenye Surat al-Waqi'a, pale wakulima wanapoulizwa kama ni wao wanaoiotesha mbegu waliyoipanda au ni Mungu. Swali hilo haliwagusi wenye maotea peke yao. Linamfuata hadi aliyelima kwa trekta, akapanda kwa kamba. Kuota, basi, hakujawahi kuwa kwetu, kwa kilichopandwa wala kisichopandwa, na sifa ya kuotesha ikiondoka inaondoka pande zote mbili. Kinachobaki mikononi mwangu ni kazi ya mkono: kung'oa kile, kupalilia hiki, kutoweka uzio kwenye kile kingine. Kwa hesabu hiyo sidaiwi kwa sababu hasira imeota. Nadaiwa jembe.

Hesabu hiyo hainifurahishi yote. Inamfanya mtu aliyezaliwa na moyo mwepesi aonekane mvivu, na nawajua watu wa namna hiyo ambao dunia ingekuwa ngumu bila wao. Ila inampa mwenzangu wa darasa la jirani anachostahili. Anastaafu mwaka huu na kamati imeniomba nizungumze siku ya kumuaga. Nataka kusema mbele ya wote kwamba alikuwa na hasira kali na kwamba kila asubuhi aliing'oa mlangoni kabla watoto hawajaiona. Mume wangu anasema nitamwaibisha mtu wa watu, kwamba aliyeficha kwa miaka yote hiyo hakuficha ili aje atangazwe kwenye kipaza sauti. Tumebishana hadi chakula kikapoa. Nadhani nitamwendea mwenyewe nimuulize kwanza, na akikataa nitasoma hotuba ya kawaida kama zilivyo hotuba zote za kuagana.