Msaada kwa Mtafiti Mchanga: Hisani au Deni?

Lipo swali ambalo huulizwa kwa sauti ndogo katika idara za sayansi za vyuo vikuu vyetu, na aghalabu huulizwa na wale wasio na madaraka ya kulijibu. Swali lenyewe ni hili: mtafiti mchanga anaposaidiwa na wakubwa wake, je, hupewa hisani au hulipwa deni? Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Akiitoa husifiwa, asipoitoa halaumiwi. Deni halitegemei moyo wa mtu. Alipaye hastahili sifa nyingi, na asiyelipa hana pa kujificha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni msaada gani utolewe, sharti tujue kwanza msaada huo ni mali ya nani.

Swali kama hili likiachwa hewani huzaa maneno matupu. Na tulipeleke penye udongo. Tulipeleke Mvumi, si Mvumi ya Dodoma ijulikanayo kwa hospitali yake, bali Mvumi ya wilaya ya Kilosa, katika mkoa wa Morogoro. Nchi hiyo ni ya mahindi na mpunga. Mkulima wake ana adui wengi, na mmoja wao ni mdogo kiasi cha kukaa katika kiganja cha mkono: panya shamba. Mkulima hupanda mchana. Panya hufukua usiku. Mbegu iliyonunuliwa kwa fedha ya mkopo huliwa kabla haijaona jua, na mwenye shamba hulazimika kupanda tena, ikiwa bado anayo mbegu na ikiwa mvua bado inamsubiri.

Sasa na tumfikirie kijana mmoja, wa mfano tu, mkufunzi msaidizi katika idara ya sayansi. Kazi yake ni kuhesabu panya. Kila mwezi huja kijijini, hupanga mitego ya masanduku kwa mistari shambani, hutia chambo cha siagi ya karanga na unga wa mahindi, na kwa siku tatu mfululizo huamka alfajiri kutazama kilichonaswa. Kila panya hupimwa, hutiwa alama, huandikwa daftarini, kisha huachwa aende zake, ili akinaswa tena ajulikane. Kazi hii haina fahari. Wapita njia humcheka mtu aliyesoma miaka mingi akaishia kuwafungulia panya mlango. Walakini, kwa kazi ya namna hii, iliyofanywa Morogoro kwa miaka mingi, wataalamu wamejifunza kwamba wingi wa panya hufuata mvua: mvua za mwanzo wa msimu zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na maangamizi ya mashamba huweza kutabiriwa kabla hayajafika. Elimu hiyo haikupatikana kwa siku moja ya akili kubwa. Ilipatikana kwa miezi mingi ya subira ndogo ndogo.

Mwezi mmoja kijana wetu hakwenda Mvumi. Fedha ya safari haikutoka. Aliiomba, akaambiwa asubiri. Aliposubiri, akaambiwa wiki hiyo ni ya mitihani na yeye ndiye wa kusimamia. Alipomaliza kusimamia, akapewa rundo la karatasi za kusahihisha, ambazo si zake. Mwezi ukapita. Katika daftari lake umebaki mstari mtupu. Usiku yuko peke yake na kalamu. Anajua mwezi uliotangulia alinasa wangapi na mwezi uliofuata wangapi. Anaweza kukisia kwa urahisi tarakimu ya katikati, na hapana jicho litakalogundua. Wakubwa wake wamekwisha kumwambia kwamba kazi yenye pengo haichapishwi, na asiyechapisha hapandi cheo.

Hapa ndipo swali letu linapopata meno. Kijana akiujaza mstari ule kwa uongo, hatia ni ya nani?

Wako watakaosema kuwa ni yake peke yake, kwa kuwa mkono ulioandika ni wake. Wasema kweli, lakini hawakusema kweli yote. Wako watakaosema kuwa ni ya wakubwa, kwa kuwa wao ndio waliomnyima njia ya ukweli wakamwachia njia ya uongo. Nao wasema kweli, na kweli yao nayo haikutimia. Kosa la pande zote mbili ni kudhani kuwa hatia ni shamba la urithi ambalo hugawanywa, na kadiri warithi wawavyo wengi ndivyo kila mmoja apatavyo kipande kidogo. Hatia haigawanywi hivyo. Kijana hubeba yake nzima, maana hakuna dhiki iliyomshika mkono akaandika. Na mkubwa hubeba yake nzima, maana alijua, au alipaswa kujua, ni mtihani gani anaumpa mtu asiye na akiba. Mtu humpa mwenzake jembe bovu, kisha akamlaumu kwa shamba lisilolimwa! Lawama hiyo huenda ikawa ya haki kwa mvivu. Lakini haimtakasi mwenye jembe.

Tukikubali haya, tumekwisha kukubali kuwa msaada ni deni, kwani mtu hawi na hatia kwa kutotoa hisani. Lakini deni huhitaji asili. Mkubwa wa idara alikopa wapi?

Historia yajibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la chama cha TANU. Kitivo cha Sayansi kilifuata mwaka 1965. Masomo ya kilimo yalianzishwa Morogoro mwaka 1969, na mwaka 1984 pakazaliwa hapo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walimu wa mwanzo walikuwa wageni kwa wingi. Ili nchi ipate walimu wake yenyewe, ilifuatwa desturi ya kumbakiza mwanafunzi aliyefaulu vizuri awe mkufunzi msaidizi, apelekwe mbele kusoma, kisha arudi afundishe. Gharama ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka katika jasho la taifa, na katika jasho hilo limo la mkulima wa pamba na kibarua wa mkonge wa Kilosa, ambao wengi wao hawakuona mlango wa chuo chochote. Basi profesa wa leo aliwahi kubebwa mgongoni na watu asiowajua. Waliombeba wengi wao wamekwisha kufa. Deni halikufa pamoja nao. Limerithiwa na mkulima wa Mvumi anayengoja kujua habari za panya, na njia ya kumlipa yapita kwa kijana mwenye daftari.

Najua litakalojibiwa. Mzee wa idara atasema, "Sisi hatukusaidiwa na mtu. Tulilala njaa, tulitembea kwa miguu, na taabu ndiyo iliyotufanya tulivyo. Mkiwarahisishia vijana mtawaharibu." Neno hili lisidharauliwe, maana lina punje ya hekima. Lakini na tuipepete punje hiyo tuitenge na makapi. Iko taabu ya kazi, na iko taabu ya kutupwa. Kuamka alfajiri, kukosea, kurudia, kubishiwa na wenye kujua zaidi: hizi ni taabu za kazi, na anayemwondolea kijana taabu hizi humwibia. Kunyimwa nauli, kufichwa kitabu, kukaa miezi mingi bila jibu la sura aliyoiandika: hizi ni taabu za kutupwa, nazo hazimfundishi mtu sayansi bali humfundisha hila. Mkulima wa mpunga ajua tofauti hii bila ya kwenda chuoni. Miche iliyo kitaluni huitilia maji kwa kiasi. Yakizidi huzama, yakikosekana hukauka. Tena haiachi kitaluni milele. Wakati ukifika huing'oa akaipandikiza, kila mche mahali pake. Hasemi, "Mpunga wa mwaka jana ulinusurika ukame, basi na huu nao uonjeshwe ukame." Na miche iliyokufa mwaka jana haikubaki ili isimulie, walionusurika ndio wasifuo ukame.

Wengine watasema kuwa fedha hakuna. Mara nyingi ni kweli. Lakini tutazame jambo lililotokea katika nchi hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto katika mashine ya barafu ili asikose nafasi, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na hakika kuwa kijana yu sahihi. Lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la fizikia la Uingereza, na jina la kwanza juu yake lilikuwa la Mpemba, la Osborne likafuata. Wataalamu hubishana hata leo juu ya jambo lenyewe, lini hutokea na kama hutokea kweli. Ubishi huo hauharibu mfano wetu, bali waukamilisha. Kumsaidia mchanga si kumwambia kuwa amepata. Ni kulichukua neno lake kwa uzito wa kutosha kulipima. Osborne alitoa sikio, alitoa muda, na alitoa jina kwa mwenye jina. Katika vitu vitatu hivi hakuna hata kimoja kinachoandikwa katika bajeti ya idara.

Hili la jina lastahili neno zaidi. Jasho la mtafiti halionekani. Jina ndilo kivuli chake pekee. Mkubwa alitiaye jina lake mbele ya kazi asiyoigusa, au alifutaye la mdogo aliyeifanya, huiba kitu ambacho mwenyewe hawezi kukinunua tena. Na mdogo aonaye hivyo hujifunza haraka. Atakapokuwa mkubwa atafanya vile vile, na ataiita desturi.

Lakini haki ina mizani ya pande mbili. Kijana naye ana deni. Anadaiwa ukweli, hata ukweli wa pengo. Mstari mtupu uliokiriwa ni elimu. Mstari uliojazwa kwa uongo ni sumu, maana mwingine atajenga juu yake, na mwisho wa ujenzi huo kuna shamba la mtu. Anadaiwa pia kurudi kijijini na matokeo, si kuchukua hesabu na kutoweka. Mkubwa naye amdai haya bila ya kuona haya. Maana anayelipa deni lake ana uso wa kudai.

Basi na turudi Mvumi. Asubuhi moja kijana yuko shambani na mitego yake. Mwenye shamba amemkuta. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Mwaka huu watakuwa wengi?" Swali ni fupi, na linahusu chakula cha watoto. Jibu lake halitatoka kwa kijana peke yake. Ikiwa nauli ilitolewa, ikiwa kazi za mitihani ziligawanywa kwa insafu, ikiwa sura yake ilisomwa na makosa yake yakaambiwa wazi, ataweza kujibu ajualo, na ataweza kusema palipo na pengo. Ikiwa hayo hayakuwapo, na kijana akashindwa na jaribu la usiku ule, mkulima atapanda mbegu yake kwa kufuata tarakimu iliyobuniwa mezani. Panya watakapokuja, hawatauliza kosa lilikuwa la nani.