Kurudia Hatari kwa Kutafuta Uzima

Ama baad. Twaulizwa: mgonjwa aliyetiwa mrija moyoni ili mishipa yake itazamwe, akapatwa na madhara, na sasa daktari amtaka arudie, akikataa, je, amejitupa katika maangamizi? Na akikubali, ameipunguza tawakali yake?

Kipimo chenyewe si kigeni. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari wa Kijerumani, alijitia mrija katika mshipa wa mkono wake ukafika moyoni. Na mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenziwe wawili. Leo hatari yake kwa wengi ni ndogo, lakini haikuondoka: damu huweza kuvuja, dawa ya rangi huweza kudhuru figo, na kwa nadra hutokea kiharusi au mauti.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amezigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa mwenye kiu, za kudhaniwa, kama dawa za matabibu, na za kuwaziwa tu. Kuziacha za yakini si tawakali. Ama za kudhaniwa, kuzitumia hakuharibu tawakali, wala kuziacha si haramu. Kipimo hiki twakiona katika fungu la pili; tena si dawa, bali ni taa ya kuitafutia dawa.

Basi mgonjwa asione haya kumwuliza daktari mambo matatu. Madhara ya kwanza yalitokana na nini? Aliyevuja damu pajani huenda akapitishiwa mkononi. Lakini aliyedhurika figo, dawa ile ile yamngoja. Je, hakuna njia nyingine iliyo nyepesi? Na la tatu, ndilo kubwa: jibu likipatikana, matibabu yatabadilika? Kama hayabadiliki, taa hiyo yawashiwa nini? Na kama yatabadilika, na ugonjwa wazidi, kukataa kwa uchungu wa jana tu ni kuipa jana hukumu juu ya leo.

Mtume (S.A.W.) alimpa hiari mwanamke mwenye kifafa baina ya subira na kuombewa afya, naye akachagua subira, hakulazimishwa wala hakulaumiwa. Basi watu wa nyumbani wasimwite mgonjwa mwoga akikataa, wala mpungufu wa imani akikubali. Na istikhara huja pamoja na mashauri, si badala yake.

Wallahu aalam.